Umeanza dawa za kuzima homoni za IVF na piriodi imegoma kuja? Fanya hivi

Kama uko kwenye protokoli ndefu ya IVF (kutungisha mimba nje ya mwili), yaani ile ya kuzima homoni kwanza ndo mayai yakuzwe, umeshaanza sindano au sprei ya puani ya kuzima homoni (Suprecur, Decapeptyl, Lupron, Synarel, yoyote ya kundi hilo), alafu siku uliyokua unategemea kublidi imepita na pedi bado nyeupe, basi huu mwongozo ni wako. Wale wa protokoli fupi, wanaoongezewa Cetrotide au Orgalutran (sindano za kuzuia yai lisitoke mapema) huku wakiendelea na sindano za kukuza mayai, haiwahusu sana, nyie mambo yenu ni tofauti.

Kabla ya hatua zenyewe nikwambie kitu kimoja maana ukikielewa hicho nusu ya presha inashuka: kliniki haisubiri damu. Inasubiri ovari zitulie kabisa na utando wa ndani ya kizazi uwe mwembamba. Damu ni dalili tu kwamba utando unatoka. Ndio maana kuna mtu anablidi vizuri tu anaenda kupimwa anaambiwa bado, na mwingine hajaona hata tone anapimwa anaambiwa uko tayari tuendelee.

HATUA YA 1: Hesabu upya, na uanzie sindano ya kwanza

Ile programu ya simu inayokuhesabia siku iache kwanza. Haijui kama umechoma dawa, yenyewe inaendelea kukwambia umechelewa siku nne, siku tano, inakupandisha presha bure. Chukua karatasi andika vitu vitatu: siku ya kwanza ya piriodi iliyopita, tarehe uliyochoma sindano ya kwanza, na ulianzia siku ya ngapi ya mzunguko.

Walio wengi wanaanzishiwa siku ya 21. Hiyo 21 imepangwa kwa mwanamke wa mzunguko wa siku 28 ambaye yai linatoka karibu na siku ya 14, kwaiyo ikifika 21 anakua ameshapita ovulesheni kama wiki moja hivi. Ukianza hapo damu kwa kawaida inakuja ndani ya wiki moja mpaka mbili tangu sindano ya kwanza. Sio lazima ije siku uliyoizoea, na kuchelewa siku kadhaa kwenye hatua hii ni kitu ambacho manesi wa IVF wanakiona kila wiki.

Kwanini inachelewa sasa wakati dawa yenyewe ni ya kuzima? Hapa ndo pana utamu. Hizi dawa hazizimi siku hiyo hiyo, zinaanza kwa kuwasha. Siku za mwanzo zinaibana tezi ya pituitari, ile iliyoko chini ya ubongo, imwage homoni zake zote za LH na FSH (zile zinazoamrisha ovari) ilizokua imeziweka, na ikishaisha akiba ndo inanyamaza, jambo ambalo linachukua kama siku 10 mpaka 14. Sasa ile LH iliyomwagika mwanzoni inakipa nguvu kile kifuko kilichobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka, kifuko kinaendelea kutoa projesteroni, na projesteroni ikiwepo utando haudondoki. Unakaa. Wewe unaona siku zinapita, lakini ndani dawa inafanya kazi yake kama kawaida.

Kama mzunguko wako ni mrefu, tuseme siku 35, hesabu tena. Yai lako linatoka karibu na siku ya 21 yenyewe, maana siku za kutoka ovulesheni mpaka damu hazibadiliki sana, ni kama 12 mpaka 14, kinachorefuka ni ile sehemu ya kabla. Kwaiyo ukianzishiwa sindano siku ya 21 umeanza wakati yai ndo linatoka au halijatoka kabisa, na damu itachelewa zaidi ya wenzako. Wenye PCOS (ovari zenye vifuko vingi vidogo, mzunguko unaoyumba) mnanielewa. Kama kliniki haikukuuliza mzunguko wako ni wa siku ngapi, waambie wewe, usisubiri kuulizwa.

Walioanza siku ya 2 ya piriodi wao walishablidi. Baadhi wanapata damu nyingine kama wiki mbili mbele istrojeni (homoni inayojenga utando) ikishuka, baadhi hawapati kabisa, na yote ni sawa. Waliokua kwenye vidonge vya majira kwanza, damu mara nyingi inakuja siku mbili mpaka tano baada ya kuacha vidonge na inaweza kua kidogo sana, rangi ya kahawia tu, kwasababu vidonge vilishaufanya utando uwe mwembamba.

HATUA YA 2: Hakikisha dawa inaingia kweli

Kabla hujafikiria makubwa angalia madogo. Kama unachota mwenyewe dawa kwa bomba la insulini, lile lenye alama mpaka 100, ujue alama ya 50 ndo nusu mililita. Mtu ameandikiwa 0.5 yeye anachota mpaka alama ya 5, hiyo ni moja ya kumi ya dozi, na anaweza akaenda hivyo hivyo wiki nzima bila mtu kugundua. Chukua bomba, chukua karatasi ya maelekezo, zilinganishe mbele ya mwanga. Ukiwa na wasiwasi piga picha bomba likiwa limechotwa umtumie nesi.

Wa sprei: ukipiga chafya papo hapo, au pua ikiwa imeziba kwa mafua, dawa inaweza isiingie yote. Dawa za kuzibua pua nazo zina mda wake wa kusubiriana na hii, na huo mda unatofautiana kati ya sprei na sprei, kwaiyo soma karatasi ya ndani ya boksi lako wewe, sio la rafiki yako.

Umesahau dozi? Usichome mbili kufidia. Piga simu useme ukweli, hakuna atakayekugombeza, na hata akikugombeza atakupa jibu.

Waliochomwa ile sindano moja ya mwezi (Zoladex au Decapeptyl ya 3.75) nyie hapa hamna cha kukagua, dawa imeshaingia.

HATUA YA 3: Pima mimba

Najua. Umehangaika miaka, umeambiwa bila IVF haiwezekani, alafu mtu anakwambia ukapime mimba, unaona kama dhihaka. Pima tu. Sindano zinaanza baada ya ovulesheni, kwaiyo kama mlikutana mwezi huo kabla hujaanza dawa uwezekano upo, hata kama ni mdogo, na ndio sababu kliniki nyingi zinawaambia watu watumie kondomu mwezi huo.

Tumia mkojo wa asubuhi. Hizi dawa za kuzima homoni hazina hCG (homoni ya mimba inayotafutwa na kipimo) ndani yake kwaiyo hazidanganyi kipimo, tofauti na ile sindano ya mwisho ya kukomaza mayai ambayo yenyewe inaweza kukuonesha mistari miwili ya uongo. Ikitoka mstari mmoja na damu bado haijaja rudia baada ya siku chache, au uombe kipimo cha damu ambacho kinaona mapema zaidi.

Ikitoka mistari miwili piga kliniki siku hiyo hiyo kabla hujachoma dozi inayofuata. Wao ndo watasema uache au vipi, na kama utahitaji projesteroni ya kukusaidia. Mimba kukutana na hizi dawa haimaanishi imeharibika, zipo zilizoanza hivyo zikaendelea vizuri tu. Ila kama mirija yako ina shida lazima waangalie mapema imekaa wapi, maana hatari ya kutunga nje ya kizazi kwako iko juu.

Na hapa nisimame kidogo. Maumivu makali ya upande mmoja chini ya tumbo, kuzimia au kizunguzungu kizito, maumivu ya bega yasiyoeleweka: huendi kwenye simu kuuliza kitu, unaenda hospitali. Vilevile kichwa kinachouma ghafla vibaya mno pamoja na kutapika na macho kuona ukungu au vitu viwili viwili, hiyo ni nadra sana kwenye hizi dawa lakini ikitokea ni dharura. Kichwa cha kawaida cha kila jioni ni kitu kingine, ntakisema mbele.

HATUA YA 4: Piga simu kliniki, na ujue cha kusema

Kama umeambiwa piga ikipita siku fulani bila damu, piga siku hiyo. Kama hukuambiwa, mimi ningepiga nikifika siku ya 10 ya sindano, sio kwasababu kuna tatizo, ni ili wajue na wanipangie. Simu za kliniki zina foleni na nesi anaongea na watu wengi, ukianza "eti sijablidi naogopa" atakuuliza maswali kumi. Mpe yote kwa mpigo:

"Habari sista, niko kwenye protokoli ndefu, namba yangu ya faili ni hii. Nilianza sindano tarehe 3, siku ya 21 ya mzunguko, mzunguko wangu huwa siku 31 mpaka 33. Leo ni siku ya 11 ya sindano, sijablidi, nimepima mimba asubuhi ni hasi. Sijaruka dozi. Nina dawa za kunitosha siku nne. Ultrasaundi yangu ya kwanza iko tarehe 17, je nije hivyo hivyo au mtaisogeza?"

Dakika mbili umemaliza. Na uandike jibu pamoja na jina la aliyekujibu, maana kesho atapokea mwingine atakwambia tofauti.

Umeona hapo nimetaja dawa za kunitosha siku nne? Usiichukulie poa hiyo. Boksi walilokupa limehesabiwa kwa ratiba ya mwanzo, damu ikichelewa wiki unahitaji dozi za wiki nzima zaidi, na dawa za aina hii hazikai kila duka la dawa. Hesabu chupa zako leo. Kuishiwa Jumamosi usiku ndo kunaharibu mzunguko, kuchelewa damu hakuharibu. Zile sindano za kukuza mayai kama ulishapewa ziache zilipo, usizifungue, angalia tu tarehe ya kuisha na kama zinatakiwa kukaa kwenye friji.

HATUA YA 5: Nenda ukapimwe, umeblidi au hujablidi

Ultrasaundi ni ile ya ndani ya kupitia ukeni. Nesi atatafuta kwanza kizazi, ataona ule mstari wa utando katikati, ataweka alama moja ya kujumlisha juu na nyingine chini, namba inatokea pembeni ya skrini kwa milimita. Wengi wanataka iwe chini ya 5 au 4, kila kliniki ina mpaka wake. Alafu anahamia ovari moja moja, anatafuta kama kuna kifuko cha maji kilichokua kikubwa. Ovari zilizozimika zinaonekana ndogo, zimetulia, zina vitobo vidogo vidogo tu. Muulize namba zako umwombe akuandikie, ni mwili wako.

Wanaweza kuchukua na damu waangalie istrojeni. Chini ya 200 kwa kipimo cha pmol kwa lita, au chini ya 50 kwa pg kwa mililita, ndo kliniki nyingi zinahesabu umezimika. Angalia vipimo vya maabara yako vinatumia kipi kabla hujajilinganisha na mtu, wapo waliolia usiku mzima kwa namba 150 kumbe ni kipimo kingine na wako vizuri tu.

Na kama damu imeanza asubuhi ile ile ya kupimwa, nenda. Wanawake wengi wanaahirisha kwa aibu. Wale watu wanapima wenye damu kila siku, wanaweka tu karatasi ya ziada kitandani, hakuna anayekushangaa.

HATUA YA 6: Elewa watakachokwambia

Majibu huwa yanaangukia sehemu kama nne. La kwanza ni endelea na sindano urudi baada ya wiki. Hili ndo la kawaida kabisa na ndo watu wanalilia zaidi, wanaona wiki imepotea. Haijapotea kitu, mayai hayakui kipindi hiki, hayachakai na hayazeeki kwa wiki moja, yamekaa tu. Kinachosogea ni tarehe ya kutoa mayai.

La pili, utando mnene na hakuna tatizo lingine, unaweza kupewa vidonge vya noretisteroni (dawa inayofanya kazi kama projesteroni) kwa siku chache, ukiviacha damu inashuka ndani ya siku kadhaa. Sindano zinaendelea mda wote huo.

La tatu ni sisti, yaani kifuko cha maji kwenye ovari, ambacho mara nyingi kimetengenezwa na ule mwasho wa mwanzo wa dawa. Cha aina hiyo sio saratani, usiingie intaneti usiku kusoma. Swali lao ni moja tu, kinatoa istrojeni au hakitoi. Kisipotoa wanaweza kuendelea nacho hivyo hivyo. Kikitoa kinazuia utando kushuka, kwaiyo wanasubiri kinywee, au wanakinyonya kwa sindano nyembamba, na mara chache wanafuta mzunguko waanze upya kwa njia nyingine. Uliza wazi: istrojeni yangu ni ngapi, kina milimita ngapi, na mkisubiri mnasubiri mpaka lini?

La nne ndo linashangaza watu: hujablidi, au umeona matone tu, lakini utando ni milimita 3 na ovari zimelala, anza kukuza mayai. Anza. Usibishane eti hujasafishika, hakuna damu iliyoganda humo ndani inayosubiri kutoka, utando mwembamba maana yake hakuna cha kutoka.

HATUA YA 7: Vitu vya kutofanya ukiwa unasubiri

Usiache sindano eti "ngoja piriodi ije kwanza". Ukiacha tezi inaamka na kazi yote imerudi mwanzo. Usinywe dawa za miti shamba za kushusha damu, wala chai kali za kuzibua, hata zikiletwa na mama mkwe kwa nia njema, mpokee kwa adabu uweke kabatini. Usijinunulie noretisteroni dukani kwasababu fulani alipewa. Usiongeze dozi. Diklofenaki na ibuprofeni uliza kwanza, parasetamoli ndo salama zaidi kwa kichwa na tumbo.

Kukaa na hali yenyewe

Joto linakupanda ghafla kifuani mpaka usoni, jasho la usiku, usingizi wa vipande, kichwa jioni, uke kukauka, hasira za ghafla alafu kulia kwa kitu kidogo. Hiyo ni istrojeni kushuka, na kwa kweli ni habari njema ingawa haifurahishi, maana inaonesha dawa imeshika. Ukiwa na joto hilo na damu bado, mara nyingi damu haiko mbali. Ukikosa hizo dalili pia usihitimishe kwamba dawa haifanyi kazi, wengine hawasikii chochote mpaka mwisho.

Lala na nguo nyepesi, weka maji karibu, badilisha upande wa tumbo unaochoma kila siku maana pale pale panawasha na kua pekundu. Mwambie mmeo mapema kwamba hasira ni za dawa, umwambie siku umetulia, sio katikati ya ugomvi. Kazini omba ruhusa ya "wiki hii au ijayo", usitaje tarehe kamili, na nauli au tiketi yoyote usilipe ambayo hairudishwi mpaka upimwe uambiwe anza. Ndugu wanaouliza "vipi imefikia wapi" wachagulie mtu mmoja awe anawajibu.

HATUA YA 8: Damu ikija

Siku ya kwanza ni siku ya damu nyekundu inayohitaji pedi, matone ya kahawia hayahesabiwi. Ikianza usiku kliniki nyingi wanahesabu kesho yake ndo siku ya kwanza, waulize wao wanahesabuje. Piga uwaambie siku hiyo hiyo.

Inaweza kuja nzito kuliko ulivyozoea, yenye mabonge, na maumivu zaidi, kwasababu utando ulikaa mda mrefu. Inaweza pia kuja nyepesi ya siku mbili. Ukilowesha pedi nzima kila saa kwa masaa mawili mfululizo, au ukisikia kizunguzungu, nenda hospitali.

Alafu ukishapimwa ukaambiwa anza sindano za kukuza mayai, ile ya kuzima HUIACHI. Mara nyingi wanaipunguza dozi, wengi wanaipunguza nusu, na unachoma zote mbili kwa pamoja mpaka siku watakayokupa sindano ya kukomaza mayai. Andika dozi mpya kwenye boksi kwa kalamu nene siku hiyo hiyo, kwasababu mkono umeshazoea ile ya zamani.